Komeo la Upande wa Pili

Mama Mdogo hakuwahi kushindwa na kichwa cha mtu. Waliletwa kwake wenye nywele zilizoungua kwa dawa, wenye nywele fupi kuliko ukucha, na mabibi harusi wanaolia kwa sababu wamesukwa vibaya kwingine asubuhi ya siku yenyewe, na wote walitoka wakijitazama kwenye kila kioo cha gari wanalolipita. Mdomo wake ulikuwa mkali, vidole vyake laini. "Tulia," alimwambia mteja anayejipindapinda. "Kichwa ni chako, lakini kwa sasa nimekiazima." Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilikuja kwake kujifunza kazi nilipomaliza shule, nikabaki. Na niseme mapema, mimi si mwepesi wa kusamehe. Mwenye moyo huo ni yeye, na ndiyo maana haya ninayaeleza mimi, kwa sababu yeye hataki hata kuyagusa.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kinachotazama barabara kubwa. Nyuma yake sebule, vyumba viwili, kisha ua mdogo wenye bafu, kamba ya kuanikia taulo na tangi jeusi la maji. Tangi hilo lilikuwa fahari yake. Mabomba ya mtaa wetu yalitoa hewa mara nyingi kuliko maji, na msusi asiye na maji, alisema, ni muuza maneno tu. Kando ya tangi alikaa Baba Mdogo kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu mpaka kiharusi kilipomlaza, na alipoinuka, upande wake wa kulia haukuinuka naye. Alitembea kwa mkongojo, akijitania kwamba amebakiwa na gia moja, na yenyewe ni ya kupandia mlima.

Ng'ambo ya ukuta wa ua aliishi Mama Kicheko. Mume wake alikuwa na duka la vyombo, masufuria na ndoo na vitu vya namna hiyo. Yeye mwenyewe alipewa jina hilo kwa sababu alicheka kabla hujamaliza sentensi, na ukimsikia ulidhani wewe ndiwe mtu mcheshi kuliko wote duniani. Nyumba yake iliigeuzia mgongo nyumba yetu. Mlango wake wa mbele ulikuwa kwenye kichochoro tulivu ambako hata pikipiki ilipita kwa nadra. Alikaa na mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, mzee mwenye masikio mazito na kumbukumbu nyepesi. Mama Mdogo alimsuka Mama Kicheko, akamsuka Bibi vile vinywele vyeupe vilivyobaki, na hakuchukua hata senti. "Shoga yangu," aliwaambia wateja, "ni zaidi ya ndugu." Nilikuwa nikisikia hivyo nikifagia nywele sakafuni, na sikuona sababu ya kubisha.

Uchaguzi ulipokaribia, mambo yakaanza kunuka. Watu waliokuwa wakipigiana makofi mabegani sasa walisalimiana kwa kidevu. Kijana mmoja alipigwa kituo cha basi kwa rangi ya fulana yake. Mwenyekiti wa mtaa, bwana anayependa vikao kuliko matokeo ya vikao, akatuita uani kwake tukajadili namna ya kujihami. Mwalimu mstaafu akataka tununue mbwa. Kinyozi akauliza mbwa atamjuaje mhuni naye hana kadi ya chama. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikatika haraka. Mwishowe tukakubaliana mambo ya maana. Kila nyumba iwe na filimbi, ijaze maji, iondoe kibandani na barazani kila kinachoweza kushika moto, na ifunge vyeti vyake kwenye mfuko wa plastiki karibu na mlango.

"Na nyumba za barabarani?" akauliza Mama Mdogo. "Sisi fujo ikija tunaipokea kwanza, kama wahudumu wa mapokezi. Mimi na huyu binti tunaweza kuruka ukuta. Mume wangu ataruka na nini?"

Hapo ndipo Mama Kicheko aliposimama, na wala hakucheka. "Tutoboe ukuta," akasema. "Kati ya kwako na kwangu. Tuweke mlango. Likitokea la kutokea, mnapita kwangu mnatokea kichochoroni. Na mimi maji yakikatika nitachota kwako, maana mambo yakichafuka bomba ndilo la kwanza kufa. Jirani ni wa kazi gani?" Watu walipiga makofi. Mama Mdogo alijifuta macho kwa upande wa khanga, na yeye si mtu wa kulia mbele za watu.

Mwashi alikuja na nyundo na tindo, akaubomoa ukuta kwa kiasi cha mtu na mkongojo wake. Baba Mdogo alikaa pale akimwelekeza kama anayeegesha lori: kushoto kidogo, njoo, njoo, hapo hapo. Juu ya ukuta, vipande vya chupa alivyopachika mume wa Mama Kicheko zamani vilibaki kama vilivyokuwa. Kisha akaja fundi wa kuchomelea na mlango wa chuma, akauliza swali ambalo mimi nalisikia mpaka leo.

"Komeo nifunge upande gani? Au nifunge pande zote mbili, kila mtu awe na lake?"

"Makomeo mawili ni ya maadui," akajibu Mama Mdogo. "Funga moja. Liweke kwake."

"Kwa nini kwake, dada?" akauliza Mama Kicheko.

"Kwa sababu wewe ndiwe unayetupa nyumba yako. Mtu anayekupa nyumba humshikii mlango."

Mama Kicheko akaahidi mbele ya fundi, mbele ya Baba Mdogo na mbele yangu kwamba tangu siku ya kura komeo halitafungwa. Walikumbatiana. Fundi akachomelea komeo upande wa pili, na sisi upande wetu tukabaki na bati tupu la kijani, laini kama kiganja, lisilo na hata pa kushika.

Wifi yake Mama Mdogo, dada yake Baba Mdogo, aliishi mbali na mji, kwenye nyumba yenye nafasi. Alipiga simu akatutaka twende kwake mpaka mambo yatulie, gari angetuma yeye. Mama Mdogo akamshukuru, akakataa. Saluni ataiacha na nani? Na Baba Mdogo safari humchosha. "Halafu, wifi," akasema, na nilimwona akitabasamu na simu sikioni, "sisi tuna mlango." Wifi akasema ndugu wa mbali si ndugu basi. Walicheka wakaagana.

Tukajiandaa. Kibao cha saluni tulikiteremsha tukakiweka chini ya kitanda. Mashine za kukaushia nywele tulizisukuma ukutani tukazifunika kwa magunia. Tulijaza mapipa, tukanunua unga na maharage na mishumaa, tukaweka dawa za presha za Baba Mdogo kwenye kopo lenye mfuniko. Kila siku Mama Mdogo alimtembeza kutoka kitandani mpaka kwenye mlango wa chuma na kurudi. Alisema ni mazoezi ya mguu, na kila mtu alijua ni mazoezi ya kitu gani. Wakifika mlangoni, Baba Mdogo aliugusa kwa ncha ya mkongojo, akasema, "Kituo," wakageuka.

Hakuna aliyeusukuma. Hilo ndilo linaloniuma. Siku moja niliunyooshea mkono nikitaka kuona kama unafunguka kweli, Mama Mdogo akanipiga kofi la kiganjani. "Unafanya nini?"

"Najaribu."

"Mlango wa mtu haujaribiwi. Akikuona anakuuliza, hukuniamini? Utamjibu nini?"

Nikaacha. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na adabu hiyo ilikaribia kutuua. Ningefikiri kidogo ningegundua kwamba mlango ule daima ulifunguliwa na Mama Kicheko akija kuchota maji, sisi hatukuwahi kwenda kwake. Na kila alipokuja, hata siku ya kura yenyewe, kabla hajaingia, ilisikika sauti ya chuma kikivutwa. Masikio yalisikia. Akili ilikuwa imelala kwenye urafiki.

Siku ya kura ikapita kimya. Matokeo yakatangazwa redioni mchana, siku ya joto, hakuna jani linalotikisika. Mtangazaji hakumaliza. Tulisikia filimbi kutoka upande wa kituo cha basi, kisha nyingine karibu zaidi, kisha kelele ya watu wengi ambayo huwezi kuifananisha na kitu. Tukafunga mlango wa saluni, tukapachika ubao nyuma yake. Polisi wakaja kutoka upande mwingine, mabomu ya machozi yakaanza kulia, na fujo ikawa yetu sisi kuipokea, kama alivyosema Mama Mdogo. Jiwe likavunja dirisha. Kitu kinachowaka kikafuata, kikatua kwenye pazia.

"Uani," akasema Mama Mdogo. Hakupaza sauti. Tukamshika Baba Mdogo huku na huku, tukaenda ile njia waliyoizoea, moshi unaouma macho ukitufuata nyuma. Tulifika. Baba Mdogo akagusa mlango kwa mkongojo, hakusema kituo. Mama Mdogo akausukuma kwa kiganja.

Haukutikisika.

Akausukuma kwa bega. Mimi nikaupiga teke. Akaanza kugonga kwa ngumi, bati likilia uani kote. "Shoga! Mama Kicheko! Tumefika! Fungua!" Akagonga tena. "Bibi! Bibi! Mwambie atufungulie!"

Ndipo tukasikia ndara. Mtu alikuja mpaka mlangoni, upande wa pili, akasimama. Nilisikia pumzi zake. Kati yetu kulikuwa na unene wa bati tu. Kisha kwa mbali, kutoka ndani ya nyumba yao, sauti ya Bibi, ile sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri.

"Nani anabisha huko? Mfungulie mtu, mkwe wangu."

Na sauti ya Mama Kicheko, karibu kabisa na sisi, ikajibu kwa sauti ya kumfikia mzee, kwa upole, "Hakuna mtu, mama. Ni upepo."

Nilitazama juu. Moshi kutoka saluni ulikuwa unapanda wima, haukuyumba.

Mama Mdogo aliacha kugonga. Nimeuona uso wake katika misiba, nimeuona alipotoka hospitali na habari ya kiharusi, na sikuwahi kuuona vile. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Mimi nilikwishadandia pipa nikikitafuta kilele cha ukuta chenye chupa, damu tayari iko kiganjani, akanishika sketi. "Ukishuka upande ule," akasema, "huku nitabaki na nani wa kumwinua?" Nikashuka.

Tulimwingiza Baba Mdogo bafuni, tukamkalisha sakafuni, tukamfunika uso kwa taulo lililolowa. Sisi wawili tukarudi na ndoo. Pazia lilikwisha kuwaka, moto umeingia kwenye magunia. Tukamwaga maji ya mapipa mpaka tukaona chini ya mapipa, tukafungua tangi. Moto ukazimika. Tulipokuwa uani tukichota, watu waliingia dirishani wakabeba mashine walizoweza kubeba. Sikuwalaumu sana. Wale sikuwa nimewasuka.

Baba Mdogo alilazwa kwa ajili ya kifua. Alirudi nyumbani akiwa hai, tunashukuru, lakini sauti ilibaki hospitali. Akawa anaongea kwa mnong'ono na kukohoa katikati ya maneno. Hakutaka tena kiti chake kiwekwe uani. Tulimweka sebuleni, akitazama ukuta.

Mambo yakatulia, kama yanavyotulia siku zote baada ya wenye hasara kupata hasara yao. Maji ya bomba, yaliyokatika siku ile, hayakurudi; kwenye tangi letu yalikuwa yamebaki kiasi. Asubuhi moja tulikuwa tunakwangua masizi saluni tukasikia ile sauti ya chuma kikivutwa. Mama Kicheko akaingia uani na ndoo, kilemba kichwani.

"Jamani, mko wazima? Mungu mkubwa. Sisi hatukuwepo siku ile, dada. Tulikimbilia kwa kaka yangu, hata sijui mlipitia nini. Nimesikia tu." Akacheka kidogo, kile kicheko cha kufungulia mazungumzo.

Nilikuwa na brashi ya chuma mkononi na namshukuru Mungu kwamba Mama Mdogo alisimama kati yetu. Alimtazama yule mwanamke kitambo. Nadhani alikuwa anampa nafasi. Angesema niliogopa, angesema umati ungewafuata ndani, angesema mume wangu alikuwa ameficha mali ya duka uani nikachanganyikiwa, jambo ambalo mtaa wote tulikuja kulijua baadaye, masufuria yalipangwa mpaka kwenye mlango ule. Angesema lolote kati ya hayo, Mama Mdogo angelisamehe, namjua.

"Hamkuwepo," akasema Mama Mdogo.

"Hatukuwepo kabisa."

"Na Bibi?"

"Bibi tulimbeba."

"Aa," akasema Mama Mdogo. "Chota maji."

Akachota. Akaondoka. Komeo likalia nyuma yake.

Mama Mdogo alilia siku hiyo. Alilia amekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo kilichopasuka, na alilia kwa hasira. "Angeniua akasema ameniua," aliniambia. "Lakini kusimama pale, akasikia ninavyomwita, halafu aje achekecheke na ndoo? Mimi nimekishika kile kichwa. Nakijua mpaka kovu lake la utotoni. Sikujua kilichomo."

Kesho yake akamwita fundi wa kuchomelea, akamtaka komeo upande wetu.

Fundi akajikuna. "Mama, si ulisema makomeo mawili ni ya maadui?"

"Funga, fundi. Sikukosea."

Siku iliyofuata tukasikia chuma kikivutwa upande wa pili. Mlango ukasukumwa, ukagoma. Kisha kugonga, kwanza kwa adabu, halafu kwa nguvu. "Dada? Dada, mko? Mlango umekwama."

Tulikuwa sebuleni, Mama Mdogo anamlisha Baba Mdogo uji. Baba Mdogo akageuza shingo. "Nani huyo?" akanong'ona.

"Upepo," akasema Mama Mdogo, akaendelea na kijiko.

Mimi nilifurahi, sifichi. Niliisikiliza ile ngumi ikichoka kwenye bati, nikaona dunia imelipa. Lakini yeye kijiko kilimpotea njia, uji ukadondoka kwenye kifua cha mume wake. Akaufuta. Kugonga kukakoma. Mama Mdogo akainuka, akajifunga khanga.

"Na Bibi atakunywa nini?" akasema. "Bibi ndiye aliyesema tufunguliwe."

"Mama Mdogo, mwache huyo mwanamke akaoshe uso kwa mate yake."

"Simpelekei yeye. Leta ndoo."

Hatukupita kwenye mlango. Tulitoka mbele, tukafuata barabara yenye alama nyeusi za matairi, tukazunguka mtaa mzima, kila mmoja na ndoo yake, tukaingia kichochoroni. Watu walitutazama. Maji yalikuwa yakitumwagikia miguuni na mimi nilikuwa nikinung'unika njia nzima. Mama Mdogo alibisha hodi mlango wa mbele wa Mama Kicheko, kama mgeni.

Mama Kicheko alifungua. Alipotuona na ndoo uso wake ukachangamka. "Dada yangu! Mbona umejitesa kuzunguka?" Mama Mdogo alimpita kama anavyopita mtu kando ya kabati. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kile kichwa cheupe bado kina mistari aliyomsuka kabla ya kura. Mama Mdogo akapiga magoti, akamsalimia kwa kumkaribia sikio, akajaza kikombe.

Bibi alikunywa chote, akarudisha kikombe kijazwe tena. Kisha akamshika Mama Mdogo kiganja, akakikagua. Vifundo vya vidole vilikuwa bado na makovu ya bati.

"Umeumia wapi, mwanangu?"

"Kazini, Bibi."

"Aa. Mimi tangu siku ile ya moshi silali vizuri," akasema Bibi kwa ile sauti yake kubwa. "Hatukutoka humu, tulijifungia. Na kulikuwa na upepo unabisha mlango wa nyuma. Mkwe wangu alisema ni upepo. Nimekula chumvi nyingi, mwanangu, sijapata kusikia upepo unaoita Bibi, Bibi."

Mama Kicheko alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka.

"Sasa niambie wewe unayetembea huko nje," akasema Bibi. "Yule aliyekuwa akiniita, alifunguliwa?"

Mama Mdogo alimimina maji yaliyobaki kwenye mtungi, taratibu, asimwage hata tone. Akaufunika.

"Hapana, Bibi," akasema. "Hakufunguliwa."

Akachukua ndoo tupu. Tukarudi kwa barabara.